Twaiba na Uso wa Mbodze

Ukienda kupigwa picha kwa Twaiba wa Mwabungo siku hizi, kabla hajashika kamera atakutazama vizuri usoni, kisha atakuuliza, "Nini hapo nisikiguse?" Swali hilo huwaduwaza wengi, maana watu wamezoea kuulizwa wanataka kipi kiondolewe. Mwanamke mmoja wa Galu alifikiri kitambo, akasema aachiwe pua, kwani ni ya marehemu babake na hakurithi kitu kingine chochote. Mwalimu mmoja wa chekechea alitaka mvi zake tatu za mbele zibaki palepale, amezitolea jasho. Bwana mmoja wa Ukunda naye alisema yote yaguswe, asiachiwe hata kunyanzi moja, na Twaiba akamtimizia. Akatokea kwenye ile picha kijana wa miaka thelathini aliyevaa koti la mzee.

Zamani hakuwa akiuliza mtu. Alikuwa akizisugua tu nyuso kwenye kompyuta. Chunusi, makovu, mifuko ya chini ya macho, weusi wa shingo, vyote vilikuwa vikiondoka, na sifa zake zikavuma kutoka Tiwi mpaka Lunga Lunga. Watu walimwita Twaiba Sabuni, naye jina hilo alilipenda, akaliandika kwa rangi ya samawati juu ya mlango wa kibanda chake kando ya barabara kuu. Wapiga picha wengine walimsema. Walidai kwamba picha ni ushahidi, na ushahidi hauoshwi. Twaiba aliwajibu kwamba bibi harusi hakupelekwa mahakamani, ameolewa.

Kazi yenyewe aliiingilia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa akifua mashuka katika hoteli moja ya Diani, na jirani yao mmoja, Sharif, alikuwa akiwapiga picha watalii ufukweni na kuwauzia. Simu zenye kamera zilipoenea, watalii wakawa wanajipiga wenyewe, na Sharif akabaki anazungukazunguka mchangani na kamera shingoni bila wa kumwita. Alipokata tamaa alimwuzia Twaiba kamera ile, akamfundisha kuitumia kwa wiki mbili, akaenda zake kulima Mkongani. Twaiba aliona kitu ambacho Sharif asingeweza kukiona, kwa sababu asingeruhusiwa kuingia mahali kilipokuwa.

Kwenye harusi za huku kuna upande ambao mwanamume hatii mguu. Siku ya kupamba, wanawake huvua mabuibui wakabaki na magauni yao, mikono wazi, nywele zimetiwa asumini, wakaimba na kucheza wapendavyo. Simu huachwa mlangoni ndani ya kikapu, na kikapu hulindwa na mama mwenye macho makali. Anayeingia na kamera ni mwanamke mmoja tu, tena mwenye kuaminiwa. Twaiba aliaminiwa kwa sababu ya ada aliyojiwekea. Akishakabidhi albamu, huketi mkekani mbele ya somo, yule mama aliyemfunda bibi harusi, akafuta kila kitu huku somo akitazama. Hufuta kadi ya kamera, hufuta kompyuta, na pale kompyuta inapouliza kama una hakika, somo ndiye anayebonyeza ndiyo. Baada ya hapo picha hukaa ndani ya albamu, na albamu ndani ya sanduku lenye kufuli. Kwa miaka kumi na miwili haijavuja hata picha moja kutoka mikononi mwa Twaiba, na hilo ndilo analojivunia kuliko yote, hata kuliko sabuni yake.

Fremu za picha zake alitengenezewa na mzee Kheri, seremala wa kibanda cha tatu kutoka chake. Mke wa Kheri, Mbodze, alikuwa mpishi wa harusi. Mbodze alipika, Twaiba alipiga picha, Kheri alizitia fremu zile zinazofaa kuonwa sebuleni, basi wachache walioana pwani hii ya kusini katika miaka hiyo bila ya mmoja wao kutia mkono. Mbodze alikuwa na sauti inayosikika hadi barabarani, na kwenye shavu la kushoto alikuwa na kovu pana la mafuta. Alilipata mwaka wa kwanza wa ndoa akikaanga mahamri. Kheri alimpakia nyuma ya baiskeli akamkimbiza hospitali, na njia nzima, kwa maelezo ya Kheri, Mbodze alikuwa akimgombeza kwa kuendesha kwenye mashimo.

Miaka mitano iliyopita aliolewa Mapenzi, mpwa wa Mbodze, na kwa mara ya kwanza Mbodze akaenda harusini kama mgeni. Hakushika mwiko. Alivaa gauni la zambarau, akajitanda mtandio wa rangi ileile, akatiwa wanja na poda, na Twaiba akampiga picha peke yake, amekaa kitini, mikono mapajani. Aliipiga iwe zawadi. Akarudi nayo nyumbani, akakaa mbele ya kompyuta na kuliondoa lile kovu lote. Alichukua ngozi ya shavu la kulia akaihamishia la kushoto, akaulainisha mpaka wa ngozi hizo mbili, akalinganisha kivuli. Kazi ilikuwa safi, tusimnyime haki yake. Hakuna aliyemwomba, lakini kwa Twaiba wa siku zile, kuliacha kovu kungekuwa kama kumpa mtu zawadi yenye vumbi.

Mbodze alipoiona alicheka mpaka akakaa chini. "Huyu nani?" aliuliza. "Haya, mpelekeeni Kheri, huenda amenichoka mimi." Kheri aliitengenezea fremu ya mti wa mninga, akaitundika sebuleni, na ikawa mzaha wa nyumba. Mbodze akikasirika alikuwa akimwambia mumewe aende akale kwa yule mke wake mdogo wa ukutani. Picha nyingine zote za harusi ya Mapenzi zilifutwa mbele ya somo, na ile ya mwanzo ya Mbodze ikaenda pamoja nazo.

Kisha Mbodze akafariki. Ni miaka miwili sasa. Homa ilimchukua kwa siku nne tu, na harusi tatu zilizokuwa zimemwagiza zikala pilau isiyokuwa na ladha.

Mwaka huu, wiki moja baada ya Idi, Kheri alikuja asubuhi kibandani kwa Twaiba na fremu mbili kwapani.

"Shikamoo, ami Kheri."

"Marahaba, mwanangu. Waamkaje?"

"Salama, alhamdulillahi. Karibu uketi."

Kheri hakuketi. Aliziweka fremu mezani, akazipangusa ingawa hazikuwa na vumbi. "Twaiba, ile picha ya Mbodze ya mwanzo unayo?"

"Ya mwanzo ipi, ami?"

"Kabla hujamwosha."

Twaiba alieleza pole pole kwamba picha za harusi ile zilifutwa zote, kwamba somo mwenyewe ndiye aliyebonyeza. "Ndiyo ada, ami. Waijua."

"Naijua, wala silaumu." Kheri sasa aliketi. "Nitakwambia jambo, na usinicheke. Ile picha naiona kila siku. Namwamkia asubuhi, jioni namuaga. Sasa nikifumba macho nimtafute mke wangu, anakuja yule wa ukutani. Shavu laini. Simjui yule, Twaiba. Nalilazimisha kovu lije, haliji. Nimelala ubavuni mwa kovu lile miaka thelathini na moja, na leo sikumbuki lilipinda upande gani."

Aliyasema hayo bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma Twaiba. Angelaumiwa angejitetea, ulimi anao. Aliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

"Na picha nyingine hakuna? Kitambulisho?"

"Kilirudishwa serikalini tulipoandikisha kifo. Jumwa alikuwa nazo mbili tatu kwenye simu, simu ikaanguka ndani ya pipa la maji." Jumwa ni binti yao, ameolewa Ramisi. "Mwenyewe wamjua, hakupenda kupigwa picha. Kila akiitwa, mikono ina unga."

"Nitamtafuta," alisema Twaiba, kabla hajajua atamtafutia wapi.

Kheri alipoondoka, aliifungua kompyuta akatafuta kitu alichojua fika kuwa hakimo. Ada yake mwenyewe ilimfungia mlango, tena kwa ufunguo aliokuwa akijisifia. Akaacha. Akarudi kwenye kazi ya siku hiyo, bibi harusi wa Tiwi ambaye albamu yake ilikuwa bado haijakabidhiwa, akaanza kumsugua kidevu. Nyuma ya bibi harusi alikuwa amesimama mama mmoja aliyebeba birika, uso unang'aa jasho, poda imemshuka hadi shingoni. Twaiba alimtazama yule mama kwa muda mrefu. Hakuwa na nia ya kumsugua. Hakuwahi, maisha yake yote ya kazi, kuwasugua watu wa nyuma. Uso mmoja huchukua nusu saa, na anayelipia ni bibi harusi na watu wake. Wanaopita nyuma na masinia hupita walivyo.

Na Mbodze alipita nyuma ya kila mtu.

Twaiba alicheka peke yake kwa sauti, mpaka muuza mihogo wa nje akachungulia kuona kuna nini. Alijua pa kuanzia. Kulikuwa na harusi Msambweni, ya Zainabu, ambapo wageni na wapishi walibanana katika ua mmoja, na Mbodze alikuwa akikatiza mbele ya kamera kila dakika. Siku ile ilimuudhi sana. Alimpigia Zainabu simu palepale.

Alhamisi alikwenda Msambweni. Zainabu, ambaye sasa ni mama wa watoto watatu, alimpokea kwa vifijo, akamtuma mumewe dukani kuleta sukari ambayo ilikuwamo tele jikoni, akafunga mlango kwa komeo. Sanduku likavutwa kutoka mvunguni. Albamu ilikuwa imefungwa ndani ya leso mbili.

Waliifungua wakiwa wameketi kitandani. Zainabu alisita kwenye ukurasa wa kwanza, akaipapasa sura yake mwenyewe. "Shoga, siku ile uso ulikuwa umenitoka vipele vya hofu, wakumbuka? Nilikuwa nataka kulia. Ukaniondolea vyote. Sasa nikiitazama picha hii naikumbuka furaha, vipele sivikumbuki. Basi usije ukaniletea dini mpya ya kuacha vipele."

"Wewe sikugusi," alisema Twaiba. "Namtafuta aliye nyuma yako."

Walimpata sehemu sehemu. Ukurasa wa tatu, mkono wa Mbodze na nusu ya sinia. Ukurasa wa tano, kisogo chake. Ukurasa wa sita, leso yake ikimalizikia mlangoni. Walipofika wa tisa, Zainabu ndiye aliyemwona kwanza, akaweka kidole. Juu ya bega la kushoto la bibi harusi, kichwani amejifunga leso, masizi kwenye paji la uso, jicho moja limefumbwa nusu kwa moshi, alisimama Mbodze. Mdomo ulikuwa wazi. Alikuwa akimpigia mtu kelele upande wa pili wa ua. Na kovu lilikuwapo lote, linang'aa kwa jasho, limeanzia chini ya jicho likashuka, kisha likapinda kuelekea sikioni.

Twaiba hata yeye alikuwa amesahau kuwa lilipinda hivyo. Macho yalimlowa, akayafuta kwa mkono.

"Maskini Bi Mbodze," alisema Zainabu. "Alinipikia biriani ambayo mama mkwe wangu anaitaja mpaka leo." Kisha wazo likamjia. "Lakini Twaiba, Kheri ni mwanamume. Na hapa mimi mabega wazi, nywele wazi. Shangazi zangu hawa hapa, wote wazi."

"Najua. Ukikataa, nitafunga albamu niende zangu, na sitakuwa na neno."

Alisema kweli. Ada ile ilikuwa yake, na asingeivunja hata kwa Mbodze. Zainabu alimtazama, akaitazama picha, akainuka. Alirudi na bahasha ya kaki na mkasi. Wakakata ndani ya bahasha tundu dogo, wakailaza juu ya picha, wakaisogeza na kuisogeza hadi bibi harusi, mashangazi na mapambo yote yakapotea chini ya karatasi, na katika tundu akabaki Mbodze peke yake. Twaiba aliipeleka albamu dirishani, penye mwanga, akalipiga picha lile tundu mara sita. Zainabu aliichukua kamera akakagua moja baada ya nyingine, kama somo.

"Hapa ukingoni bado kuna bega langu kidogo," alisema.

"Hilo nitaliondoa."

"Apa."

"Wallahi nitaliondoa."

Mume alipogonga mlango na sukari yake, albamu ilikuwa imesharudi sandukuni na wao wanakunywa chai.

Nyumbani, mbele ya kompyuta, Twaiba alitimiza kiapo. Aliliondoa bega la Zainabu, akaweka mahali pake ukuta wa ua. Uso wa Mbodze ulikuwa na giza, kwa hiyo akaongeza mwanga kidogo, na katika hilo sioni pa kumlaumu, hata mtu anayefungua dirisha hufanya hivyo. Kisha mkono ukaanza kumwasha. Yale masizi yangetoka kwa mguso mmoja. Jicho lile lililofumbwa nusu angeweza kulifumbua, amewafumbulia wengi. Aliusogeza mshale mpaka kwenye paji la uso, akauacha hapo kwa muda. Halafu aliamka akaenda kuosha vyombo, na aliporudi alihifadhi picha ile vilevile na kuzima mashine.

Kuchapisha picha kubwa alikuwa akimpelekea Syovata, Mkamba aliyezaliwa kwenye mashamba ya Shimba Hills, mwenye duka lenye mashine nzuri pale Ukunda. Syovata aliiangalia kwenye kioo akakunja uso.

"Twaiba, sasa hii ni nini? Huyu mama hujamtoa hii alama. Na hii picha haiko sharp hata kidogo. Wacha nimsafishe, ni dakika mbili tu, sikuchaji."

"Usimguse, dada. Nakuomba."

"Wewe? Sabuni mwenyewe?" Syovata alicheka. "Haya basi, lakini watu wakiuliza, sitasema imetoka hapa."

"Wakiuliza waambie imetoka kwangu."

Siku ya pili, baada ya adhuhuri, Twaiba aliibeba picha ndani ya gazeti hadi kwa Kheri. Alimkuta akipiga randa ubao wa kitanda. Alimwamkia, akamwambia mambo yote kabla ya kuifungua, kwa sababu alitaka yawe wazi: kwamba picha ilitoka ndani kwa wanawake, kwamba mwenyewe ametoa idhini, kwamba kulikuwa na bega la mtu naye ameliondoa, na kwamba ameongeza mwanga. "Hayo mawili nimeyafanya, ami. Mbodze mwenyewe sikumgusa. Amesimama vibaya, na jicho moja halikufumbuka. Kama hukuipenda, nitaelewa."

Kheri aliipokea kwa mikono miwili. Aliisogeza mbali, kwa kuwa miwani alikuwa ameiacha nyumbani, akaileta karibu, akaisogeza tena mbali. Twaiba alisikia randa ikidondoka kutoka mezani, na hakuna aliyeiokota.

"Anagomba," alisema Kheri.

"Ndiyo. Alikuwa akimpigia kelele mtu. Sijui alikuwa akisema nini, nami nilikuwapo."

"Hujui?" Kheri alimshangaa. "Mdomo huu? Hapa anasema, chakula kinapoa."

Aliucheka mdomo ule, na kicheko kikamgeuka katikati, akawa anatikisika mabega huku mkono mmoja umeikumbatia picha kifuani. Twaiba alitazama pembeni. Baadaye Kheri alijipangusa kwa ukosi wa shati, akaiweka picha juu ya ubao wa kitanda, akaishindilia pembe nne kwa vipande vya mbao ili upepo usiichukue. Akafumba macho.

Alikaa hivyo kwa muda. Barabarani lori lilipita, likaenda, kelele zake zikaisha, na mzee bado alikuwa amefumba macho, kichwa amekiinamisha kidogo upande, kama mtu anayeitwa na aliye ndani ya nyumba. Kisha akainua kidole chake cha shahada, akakipitisha taratibu kwenye shavu lake mwenyewe la kushoto, kuanzia chini ya jicho, kikashuka, na kilipofika karibu na taya hakikusita hata kidogo. Kikapinda kuelekea sikioni.